Shilingi 10 kwa siku: kisa cha mshona kofia wa Langoni na kanuni zinazopaswa kumlinda

Kiasi kinachobishaniwa katika kisa hiki ni shilingi 640. Hakuna wakili wa Malindi atakayefungua faili kwa pesa hizo, na anayetoka Lamu kwenda kulalamika Mombasa atapanda boti hadi Mokowe, kisha basi kutwa nzima, na kurudi kwake ni gharama nyingine. Nimekichukua kisa hiki kwa sababu hiyo hiyo. Biashara ya makato ya kujirudia, yaani pesa zinazochukuliwa tena na tena kutoka salio la simu, imekadiria mapema kwamba anayekatwa kidogo kidogo hatainuka. Asipoinuka yeye, wanaobaki ni walioandika kanuni za kumlinda, na Bunge ambalo kazi yake ni kuzikagua kanuni hizo.

Mwenye kisa ni mjane wa mtaa wa Langoni, mshona kofia. Kazi yake haina haraka: kofia moja ya kudarizi kwa mkono huweza kumla miezi, na siku hizi wateja wa Mombasa na Unguja hutaka picha kila hatua kabla hawajatuma pesa. Ndipo mwanawe akamnunulia simu ya kupangusa. Jina lake naliacha. La mtandao wake naliacha vilevile, na la kampuni ya maudhui, yaani muuza huduma za mesej, iliyomkata.

Simu ile jioni huwa ya mjukuu wa miaka 9. Usiku mmoja, mchezo umepamba moto, likazuka tangazo lililofunika kioo kizima, lenye kitufe kimoja kikubwa cha kijani cha kuendelea. Alama ya kulifunga ilikuwa kona ya juu, ndogo na ya kijivu. Mtoto akabonyeza kijani. Papo hapo ikaingia mesej ya Kiingereza kutoka namba fupi: umejiunga na huduma ya utabiri wa mechi, KSh 10 kwa siku, na ukitaka kujitoa tuma neno fulani kwa namba hii. Bibi husoma Kiarabu vizuri na Kiswahili polepole. Kiingereza hakisomi. Mesej ikazama chini ya nyingine za matangazo, na kesho yake salio likaanza kuliwa.

Makato haya yana tabia ambayo anayelipa kwa kadi ya benki hawezi kuiona. Simu ya malipo ya kabla mara nyingi haina kitu. Kwa hiyo mfumo hujaribu kukata, ukikuta salio halitoshi husubiri, na mtu akiweka kredit tu unachukua chake kwanza. Bibi akinunua 20 anabaki na 10 kabla hajapiga hata simu moja. Akinunua 50 anaona 40. Yeye hakuwaza namba fupi wala huduma ya mechi. Alimwaza kijana wa duka anayemuuzia kredit.

"Mwanangu, nimekupa hamsini. Mbona naona arubaini?"

"Bibi, nimekutumia yote. Tazama mwenyewe hapa, hamsini."

"Hapo kwako ni hamsini. Hapa kwangu ni arubaini."

Kijana hakuwa na la kujibu. Bibi akahamia duka jingine, la pili kutoka hapo, na huko nako kukawa hivyo hivyo. Yule wa kwanza, ambaye baba yake na marehemu mumewe walikuwa watu wa jahazi moja, akakaa wiki nyingi bila kusalimiwa. Hasara hii haimo katika zile 640, na hakuna fomu ya malalamiko yenye nafasi ya kuiandika.

Aliyefichua jambo ni mpwa wake, msichana wa chuo aliyekuja likizo. Aliishika simu kutafuta picha ya kofia, akakuta mlolongo wa mesej za kila asubuhi: nani atafunga, nani atatoka sare, mechi ipi ina magoli zaidi ya mawili.

"Shangazi, tangu lini wewe ukabashiri Arsenal?"

Akatuma neno la kujitoa. Jibu likaja: neno halitambuliki. Akatuma tena kwa herufi kubwa. Halitambuliki. Ikaja kujulikana kwamba neno peke yake halitoshi. Lazima lifuatwe na jina la huduma, na jina hilo lilitajwa mara moja tu, katika ile mesej ya kwanza iliyokwisha kufutika simu ilipojaa. Kuingia kulikuwa kugusa mara moja. Kutoka kukawa ni kubahatisha neno la siri.

Wakala wa mtandao mjini alikuwa mwema, lakini jibu lake lilikuwa lile analolitoa kila siku. "Mama, mfumo unaonyesha wewe ndiye uliyejiunga." Alipoulizwa mfumo unaonyesha nini hasa, akasema yeye haoni zaidi ya hapo, na kwamba maudhui si yao, wao ni njia tu, aulizwe mwenye namba fupi. Mwenye namba fupi hana duka Lamu. Alikuwa na namba ya simu Nairobi ambayo haikupokewa.

Hapa pana pande mbili zilizogawana kazi vizuri. Kampuni ya maudhui inatafuta watu wa kujiunga, mara nyingi kupitia matangazo ya watu wengine. Mtandao unakata pesa, unabaki na sehemu yake na kuipa kampuni iliyobaki. Kila mmoja akiulizwa anamwelekeza mwenzake. Hoja ya kuwa "njia tu" mimi siikubali hata kidogo, kwa sababu aliyeingiza mkono katika salio la bibi ni mtandao, na ni mtandao pekee uliokuwa na uwezo wa kumwuliza, kwa Kiswahili, kama kweli anataka. Mitandao hiyo hiyo inaweza kudai PIN kabla ya kutuma shilingi 10 kwa M-Pesa. Hilo linajulikana kufanyika. Halikufanywa hapa kwa sababu hakuna aliyelilazimisha.

Swali la kwanza la uchambuzi basi ni hili: je, sheria ilikuwa kimya? La. Ilisema, tena kwa sauti nyingi.

Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 46, inampa mtumiaji haki ya kupata habari zinazomwezesha kufaidika na huduma, na haki ya kulindwa maslahi yake ya kiuchumi. Ibara hiyo haikuishia kwenye kutangaza haki. Inaliamuru Bunge litunge sheria ya kuwalinda watumiaji. Bunge likatunga Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Sheria ya Ushindani ya 2010, ambayo wengi wanaidhania ni ya mabwanyenye wa viwanda peke yao, ina sehemu nzima kuhusu mtumiaji, na kifungu cha 56 kinamtaka mtoa huduma amjulishe mteja ada zote, ziitwe jina lolote, anazokusudia kumtoza. Kisha kuna kanuni za mawasiliano za kulinda watumiaji zilizotungwa 2010, na msimamo wake kuhusu matangazo ya moja kwa moja ni kwamba mtu huingizwa kwa kukubali mwenyewe. Haingizwi kwanza ndipo aambiwe ajitoe.

Kwa karatasi hizo zote, bibi amelindwa kama ngome ya Lamu. Lakini anayetaka kuzitumia lazima aulize kila karatasi ina nguvu gani, na hapo ndipo kisa cha shilingi 640 kinapoingia bungeni.

Kuna tofauti kubwa kati ya Sheria na kanuni. Sheria imepitishwa na Bunge lenyewe, kusomwa mara tatu, kutiwa saini na Rais. Kanuni huandikwa na waziri au mamlaka kwa uwezo walioazimwa na Sheria. Ibara ya 94 ya Katiba inasema wazi kwamba hakuna mtu wala chombo nje ya Bunge chenye uwezo wa kutunga jambo lenye nguvu ya sheria, ila kwa idhini iliyotolewa na Katiba au na Sheria. Kilichoazimwa hufuatiliwa. Utaratibu wa kufuatilia umo katika Sheria namba 23 ya 2013 kuhusu hati za kisheria, yaani kanuni za namna hii, na ni sheria ambayo ningependa kila anayelalamikia makato aisome kabla hajaandika barua, kwa sababu wakili wa kampuni ameisoma.

Inasema hivi, kwa ufupi wake. Kabla kanuni haijatungwa, watakaoguswa nayo washauriwe. Kama kanuni inaelekea kuwabebesha watu gharama kubwa, iandikwe taarifa ya athari zake, ieleze gharama, faida na njia nyingine zilizofikiriwa. Ikishachapishwa, waziri ahakikishe inafika kwa Karani wa Bunge ndani ya siku 7 za vikao ili iwekwe mezani. Isipowekwa, inakufa. Ikiwekwa, inakwenda kwa kamati ya Bunge la Kitaifa inayopitia kanuni, nayo inaweza kupendekeza ifutwe yote au sehemu. Na kanuni haiishi milele: ikitimiza miaka 10 tangu itungwe inafutika yenyewe, isipokuwa imeongezewa muda, na nyongeza ni moja tu, isiyozidi miezi 12.

Sasa zirudie kanuni za 2010. Mtu akizisimamisha peke yake kama msingi wa dai leo, wakili wa upande wa pili hatapoteza muda kubishana kuhusu kitufe cha kijani. Atauliza umri wa kanuni. Hoja yake inaweza kujibiwa, kwani zilitungwa kabla ya sheria ya 2013, lakini mjane wa Langoni atakuwa amevutwa kwenye ubishi wa tarehe badala ya ubishi wa pesa zake. Ndiyo maana nilipoombwa kuisoma barua ya malalamiko iliyoandikwa na mpwa wake, nilishauri kanuni hizo zitajwe chini kabisa, kama nyongeza.

Kuna jambo lingine katika sheria hiyo ya 2013 linalonikera. Adhabu inayoweza kuwekwa ndani ya kanuni haizidi shilingi 20,000, au kifungo cha miezi 6, au vyote viwili. Ukitaka adhabu ya kuuma, lazima iandikwe katika Sheria yenyewe. Shilingi 20,000 ni kile kinachokusanywa na huduma ya shilingi 10 kutoka kwa watu 2,000 kwa siku moja, na Lamu na Malindi pekee zinaweza kutoa idadi hiyo bila mtu kutoka jasho.

Na la tatu, ambalo ndilo kiini. Kamati ikishapelekewa kanuni ina siku 28 za kutoa ripoti. Isipotoa, kanuni inahesabiwa kuwa imetimiza masharti yote. Yaani kimya cha kamati ni ridhaa. Hapo ndipo nilipocheka peke yangu, kwa sababu ni mtego ule ule alionaswa nao bibi: usiposema hutaki, umekubali. Bunge lililopewa kazi ya kuwalinda watu na ridhaa ya kimya limejiwekea ridhaa ya kimya katika ukaguzi wake. Naelewa sababu, serikali haiwezi kusimama ikisubiri kamati yenye shughuli nyingi. Lakini matokeo ni kwamba kanuni dhaifu ya kulinda watumiaji inaweza kupita bila mbunge hata mmoja kuuliza kujitoa kutafanywaje, na kanuni nzuri inaweza kupita huku kasoro ya utaratibu imelala ndani yake, ikingoja siku ya mahakama.

Mfano wa kasoro iliyolala uko Marekani, na unafaa kusomwa hapa kwa makini. Huko makato ya kujirudia ni ugonjwa wa kadi za benki: video, vyumba vya mazoezi, magazeti. Tume ya Biashara ya nchi hiyo, FTC, ilikuwa na kanuni tangu 1973 kuhusu mauzo yanayochukulia kimya cha mteja kuwa ni kukubali. Oktoba 2024 ikapitisha kanuni mpya, kwa kura 3 dhidi ya 2, yenye sharti moja ambalo kila mtu alilielewa: kujitoa kuwe rahisi kama kujiunga. Sehemu kuu zake zilikuwa zianze kutekelezwa Julai 14, 2025. Julai 8, siku chache tu kabla, Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Nane ikaifuta yote.

Mahakama haikusema kwamba ni haki kumtega mteja. Ilisema kwamba sheria iliyotungwa na Bunge la Marekani inaitaka Tume, kanuni inapokuwa na athari ya zaidi ya dola milioni 100 kwa mwaka katika uchumi, kutoa kwanza uchambuzi wa awali wa athari hizo ili watu wautolee maoni. Tume ilikadiria kwamba athari haifiki hapo. Jaji wa masuala ya utawala aliyesikiliza ushahidi akaona inafika na kuzidi. Tume ikaendelea bila ule uchambuzi wa awali. Kwa hatua hiyo moja iliyorukwa, kazi ya miaka ikaanguka, na wateja wakabaki walipokuwa.

Wengi waliishia hapo na kusema kampuni zimeshinda. Kilichofuata ndicho chenye faida kwetu. Septemba mwaka huo huo, 2025, Amazon ilikubali kulipa dola bilioni 2.5 kumaliza kesi ya Tume hiyo kuhusu jinsi ilivyowaingiza watu katika huduma yake ya Prime na jinsi ilivyowawekea vikwazo wakitaka kutoka: bilioni 1 faini, na bilioni 1.5 kurudishiwa wateja. Kampuni haikukiri kosa. Kesi hiyo haikutegemea kanuni iliyofutwa. Ilitegemea Sheria ya 2010 iliyotungwa na Bunge lenyewe kuhusu mauzo ya mtandaoni, inayodai masharti yaelezwe wazi, mteja aridhie kwa kujua, na apewe njia nyepesi ya kusimamisha makato. Uingereza nayo, ilipotunga sheria yake ya 2024 kuhusu masoko ya kidijitali, iliweka wajibu wa kampuni za usajili, pamoja na kumkumbusha mteja kabla ya kumkata tena, ndani ya Sheria yenyewe.

Ninachokisema kwa kisa cha Langoni kinatoka hapo. Ulinzi wa mtu aliyekatwa pasipo kujua unapaswa kuwekwa katika Sheria, na kanuni ziachiwe mambo ya kiufundi yanayobadilika: urefu wa mesej, muda wa kuhifadhi kumbukumbu, namba za kujitoa. Na hizo kanuni zinazobaki, mtu azifuatilie bungeni kuanzia siku zinapochapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Kusubiri mpaka mtu akatwe ni kuchelewa.

Tulichokifanya kwa bibi kilifuata mantiki hiyo. Barua iliegemea Sheria ya Kulinda Data ya 2019, jambo lililomshangaza wakala kwa sababu yeye aliona suala ni la kredit. Lakini namba ya simu ni data ya mtu, na huduma ilitumia namba hiyo kumtumia mesej na kumkata. Kifungu cha 32 cha Sheria hiyo kinamtwika mwenye kutumia data mzigo wa kuthibitisha kwamba mtu aliridhia. Bibi hahitaji kuthibitisha kwamba hakujiunga. Kampuni ndiyo ithibitishe kwamba alijiunga. Kifungu hicho hicho kinampa haki ya kuondoa ridhaa wakati wowote. Na kifungu cha 33 kinataka ridhaa ya mzazi au mlezi pale panapotumika data ya mtoto. Hapa data ni ya bibi, ila kinatusaidia kuonyesha kwamba kubonyeza kwa mtoto wa miaka 9 hakuwezi kuhesabiwa ridhaa ya mtu mzima ambaye hata hakuwepo chumbani.

Barua iliomba kitu kimoja: kumbukumbu nzima ya ridhaa. Saa, njia, maneno aliyoonyeshwa, lugha yake, na alichofanya kuonyesha kwamba amekubali. Kanuni za 2021 za Sheria hiyo zinatoa siku 7 kwa anayeombwa data kumpa mwenyewe, bila malipo.

Jibu likaja ndani ya muda. Lilikuwa na mistari michache: tarehe, saa 3:47 usiku, neno la Kiingereza lenye maana ya "amebonyeza", na jina la huduma. Hapakuwa na hatua ya pili ya kuthibitisha. Hapakuwa na picha ya tangazo. Pamoja na barua hiyo kulikuwa na orodha ya makato, na ndipo tulipoipata hesabu ya kweli: kwa muda wa kama miezi mitatu, mfumo ulifanikiwa kukata mara 64. Siku nyingine zote salio lilikuwa chini ya 10. Umaskini wa kredit ndio uliomwokolea bibi shilingi nyingine 260.

Siku mbili baadaye simu ikalia mlio wa mesej. Kredit ya shilingi 640 imeingia. Hakuna maelezo, hakuna kukiri, hakuna samahani. Mtandao ukasema kwa simu kwamba ni "kwa nia njema".

Watu wengi wangefunga faili hapo, na simlaumu anayefanya hivyo. Bibi mwenyewe alitaka kwanza kwenda dukani kwa yule kijana, na akaenda. Walichozungumza ni chao. Ila kisheria marejesho yale ni ya kutazamwa mara mbili. Kwanza, alirudishiwa kredit ya mtandao ule ule, si pesa alizoinunulia. Pili, na hili ndilo zito, marejesho ya kimya humwondoa mlalamikaji njiani kabla lalamiko halijafika kwa Mamlaka ya Mawasiliano, kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data au kwa Mamlaka ya Ushindani. Kamishna wa Data hutakiwa kumaliza uchunguzi wa lalamiko ndani ya siku 90, na faini anayoweza kutoza hufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka, kile kilicho kidogo. Hizo ndizo namba zinazoweza kuifanya kampuni ibadili kitufe. Lakini lalamiko lisilowasilishwa halihesabiwi, na lisilohesabiwa halimo katika ripoti ambayo mamlaka hupeleka bungeni. Mbunge anayeuliza tatizo hili ni kubwa kiasi gani ataambiwa ni dogo, na atakayemwambia hivyo atakuwa anasoma karatasi iliyo sahihi.

Kuna waliosema jambo lipelekwe kwa mwakilishi wa wadi. Nawaelewa, huyo ndiye wanayemwona barazani. Lakini Jedwali la Nne la Katiba limeweka mawasiliano ya simu na ulinzi wa watumiaji katika serikali ya kitaifa. Bunge la Kaunti ya Lamu haliwezi kutunga kanuni ya namba fupi, na kumpelekea diwani jambo hili ni kumpa nafasi ya kuahidi lisilo mkononi mwake. Wahusika ni wabunge wa Lamu Mashariki na Lamu Magharibi, mwakilishi wa wanawake, na hasa kamati ya Bunge la Kitaifa inayoshughulikia mawasiliano.

Njia ya kuwafikia ipo, nayo haihitaji wakili. Ibara ya 119 inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi bungeni, na Sheria ya 2012 kuhusu maombi hayo inaeleza namna yake: liandikwe kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, kwa lugha ya heshima, lieleze kwamba chombo husika kimekwisha kuendewa, lieleze kama jambo liko mahakamani au la, liwe na jina, anwani, namba ya kitambulisho, na saini au alama ya kidole. Kamati hupewa muda maalumu wa kujibu. Sharti la kwamba chombo husika kiwe kimeendewa ndilo linaloifanya ile barua na lile jibu la mistari michache kuwa na thamani kuliko zile 640 zenyewe.

Rasimu ya ombi imeandikwa kwa Kiswahili, na mpwa wa bibi ndiye aliyeiandika. Mimi nilipunguza hasira kidogo ili isije ikarudishwa kwa kukosa heshima. Inaomba Sheria irekebishwe ili makato yoyote ya kujirudia katika simu yathibitishwe mara ya pili, kwa lugha aliyoichagua mwenye laini, kabla shilingi ya kwanza haijakatwa. Inaomba neno moja la kujitoa, lile lile kwa huduma zote na mitandao yote, na liwe bure kulituma. Inaomba mtandao unaokata uwajibike pamoja na kampuni ya maudhui, asiwepo wa kusema yeye ni njia tu. Na inaiomba kamati iitake Mamlaka ya Mawasiliano kuorodhesha, kwa kila namba fupi, malalamiko mangapi yalipokelewa na marejesho mangapi yalifanywa, yakiwemo yale yaliyoitwa ya nia njema.

Ombi hilo la mwisho ndilo ninaloliona la maana kuliko yote, ingawa halina mvuto. Mitandao italipinga kwa hoja ya siri ya biashara. Jibu limeandikwa tayari katika aya inayofuata ya rasimu: idadi haina jina la mteja, wala haifichui bei ambayo haijatangazwa hadharani.

Bibi ametia saini kwa Kiarabu. Sheria haikusema saini iwe ya maandishi gani. Yule kijana wa dukani ametia yake ya pili.